Gari Lililopambwa Kwenda Tanga

Mwanamke wa Mwabungo akisema moyo wake umeingia baridi, huambiwa ale, alale, au atafutiwe mtu wa kumsomea. Mwanasha aliambiwa yote hayo na mumewe, na sababu ilikuwa gari.

Kheri, mumewe, ni mpishi wa hoteli moja kule Diani. Gari alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama, likiwa limeshakula chumvi ya pwani miaka na miaka, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba shule zikifungwa atawapeleka wote matembezi ng'ambo ya mpaka: Tanga, Pangani, na wakijaliwa hata Bagamoyo. Watoto wao, Swabir, Hanifa na Twaiba mdogo, wakalala wamekumbatia nguo mpya. Mwanasha naye alifurahi, tusimsingizie. Alikuwa hajavuka mpaka wa Lungalunga maishani mwake.

Basi gari likaandaliwa, na lilivyoandaliwa, bibi harusi angeona wivu. Likasuguliwa nta mpaka kuku wakajiona ubavuni mwake wakaanza kupigana na vivuli vyao. Viti vikavikwa vitambaa vya zambarau vyenye marinda. Marashi yakapuliziwa ndani, hata nzi akiingia alitoka akipiga chafya. Na makaratasi, usiseme! Kheri alikuwa ameambiwa askari wa upande wa pili hawana mchezo, kwa hivyo alikuwa na bima ya kadi ya manjano, kitabu cha gari, pasi za wote, pembetatu nyekundu za kuweka barabarani, na mtungi wa kuzimia moto ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua unafunguliwaje. Serikali mbili zilikuwa radhi gari lile liende. Breki tu ndizo hazikuulizwa.

Maana palikuwa na kitaa. Mbele ya usukani, kidogo, chekundu kama jicho la mlevi. Gari likiwashwa, nacho kiliwaka, na hakikuzimika tena.

"Baba Swabir, kile kinataka nini?"

"Hakitaki kitu. Ni kijicho cha watu. Mwero wa dukani alilisifu gari bila kusema Mashaallah, na jioni yake kikawaka."

Kesho yake akaja na stika ya Mashaallah, maandishi ya dhahabu, akaibandika juu ya kitaa. Hakikuonekana tena.

"Waona? Hasidi hana sababu, lakini dawa anayo."

"Si kinawaka bado huko chini yake?"

"Wewe umakanika umeusomea darasa gani?"

Mwanasha aliishia la saba, na la saba hawafundishi breki. Akanyamaza. Nawe mama usomaye haya, hapo alipo­nyamaza yeye, wewe usinyamaze. Ambiwa una maruhani, ambiwa huna adabu, lakini uliza mpaka ujibiwe na mtu aliyeingia chini ya gari.

Asubuhi ya safari Kheri alitaka kupiga moja kwa moja hadi mpakani. Mwanasha akakataa.

"Tutatokaje nchini bila kumuaga shangazi Mbodze? Ndiye aliyekulea. Ukienda bila radhi yake, likikupata lako usiniite."

"Shangazi ukimuaga, hutoki. Atatupikia mpaka tuwe wazee."

"Basi tutakula haraka."

Radhi ni radhi. Kheri akanung'unika, lakini walipofika Msambweni akakata kushoto, akashika njia ya vumbi ya kwenda kwa shangazi. Mwanasha, aliyekaa mbele na Twaiba mapajani, aliona mguu wa mumewe ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama fundi wa cherehani mkesha wa Idi.

"Unashona nini huko chini?"

"Breki za magari haya ndivyo zilivyo. Zataka kubembelezwa."

"Mimi hukunibembeleza hivyo hata siku moja."

Nyuma Swabir na Hanifa wakacheka. Kheri hakucheka, kwa kuwa njia ya kwa shangazi huteremka, na ule mguu ulikuwa umekanyaga breki mpaka sakafuni, breki isishike kitu. Gari likaanza kukimbia lenyewe. Badala ya kuvuta breki ya mkono, akawasha waipa za kufutia kioo. Akapiga honi. Mbuzi wakatawanyika, ua wa makuti ukaja mbio, na Mwanasha akamkumbatia Twaiba akatoa shahada kwa sauti ambayo wavuvi waliisikia.

Wakapita uani. Wakapita kwenye kamba ya nguo, wakaichukua. Wakapasua bafu la makuti, na gari likagonga rundo la mawe ya kujengea, likasimama na kanga ya shangazi usoni.

Ndani ya bafu, au pale palipokuwa bafu, alisimama Mzee Boga, mumewe shangazi, povu kichwani, amejisitiri kwa kata ya kuchotea maji, nayo haikutosha.

"Hodi gani hii?" akauliza.

Shangazi Mbodze akatoka jikoni na mwiko.

"Kheri! Kwani mlangoni hapapitiki?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mtokee mume wangu bafuni."

Watoto walikuwa wazima. Twaiba alikuwa amepasuka mdomo kidogo, Hanifa akilia, na Swabir, mtoto wa kiume asiyejua siri za wakubwa, akasema, "Baba, taa bado yawaka. Nimebandua stika nikaiona."

Kheri akafuta jasho. Akazunguka gari, akapiga teke gurudumu kama wafanyavyo wanaume wasiojua wafanye nini.

"Si kitu," akasema. "Ni mafuta ya breki tu yamepungua. Pale barabarani wanauza. Tutatia, tutaondoka, kabla mpaka haujafungwa. Watoto, pandeni."

Mwanasha alikuwa amewashusha tayari, amewapanga mkekani mmoja baada ya mwingine.

"Kapande wewe."

"Mama Swabir, usiniaibishe mbele ya shangazi."

"Aibu ndiyo ile imesimama na povu. Mimi nasema juu ya watoto. Mafuta yamekwenda wapi, baba Swabir? Yalinywewa na nani? Ukinionyesha mahali yalipotokea, na fundi akapaziba, nitapanda. Hujanionyesha, nenda. Kadi ya manjano unayo, mtungi wa moto unao. Wanangu hawatoki hapa."

Alikuwa hajawahi kusema naye hivyo mbele ya watu. Shangazi akatazama mwiko wake. Mzee Boga, aliyekuwa amepata shuka, akaketi juu ya ndoo kusikiliza vizuri.

Kheri akazunguka nyuma ya lile rundo la mawe, labda ili asionekane uso. Akakaa huko. Alipochelewa, Mwanasha akamfuata.

Nyuma ya mawe palikuwa na shimo. Mzee Boga alikuwa akichimba choo kipya, na alikuwa bado hajakifunika. Lilikuwa shimo refu, chini yake giza tupu. Kheri alikuwa amechuchumaa ukingoni, mkono juu ya mdomo.

"Mawe haya," akasema polepole, "yangekuwa yameshatumika..."

Mwanasha akampa mkono ainuke.

Waliporudi, Kheri alimpigia simu mwenyeji wao wa Tanga, akamwambia wasiwangojee, gari lina ugonjwa. Kisha akamwuliza Mzee Boga kama kuna fundi wa kuja kulivuta, akamwomba na msamaha wa bafu. Mzee akasema fundi yupo, na msamaha atautoa akishasuuzwa.

"Haya," akasema shangazi Mbodze, "mlikuja kuniaga. Basi karibuni, mmefika. Mwanasha, njoo unikunie nazi."

Mwanasha alitaka kuinuka, Kheri akamzuia. Akamtilia maji ya kunywa kikombeni, akaenda jikoni akakalia kibao cha mbuzi, akakuna nazi mwenyewe. Twaiba alikuwa kando yake, na kila alipotaka kuinuka akacheze, baba yake alimshika pindo la gauni.