Sahihi za Siku Tatu

Mkunga aliandika malalamiko yake kwa mkono, kurasa mbili, bila kufuta hata neno. Kozi ya kumfufua mtoto mchanga asiyepumua ilipaswa kuwa ya siku tatu. Chuo kiliwafundisha asubuhi moja, kikawagawia vyeti, kikawaaga. Mwanasesere wa mazoezi hakutolewa hata kwenye boksi. Wiki mbili baadaye mtoto alizaliwa kimya mikononi mwake, na mikono hiyo haikujua ianzie wapi.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa naye wodi moja na kwenye kozi walikaa benchi moja. Alimcheka. Leseni zinahuishwa mwisho wa mwezi, alimkumbusha, na kinachotakiwa ni cheti tu.

"Wifi, kuku wa kwako mwenyewe humshitaki kwa mwewe?"

Hata hivyo mkunga alipeleka barua kwenye baraza la wauguzi na wakunga. Ikagongwa muhuri, ikapewa namba, nakala ikatumwa chuoni wajibu ndani ya siku kumi na nne. Walijibu siku ya pili, kwa karatasi moja tu: orodha ya mahudhurio.

Afisa wa uchunguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, alimgeuzia karatasi hiyo mezani.

"Mwanangu, sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya siku ya pili? Ya tatu?"

Alieleza kwamba orodha ilizungushwa ile asubuhi, msimamizi akawaambia wajaze nafasi zote tatu kabisa, wasije wakasumbuka. Wote walijaza. Afisa aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Mkunga akatia sahihi ya nne.

Uamuzi ulitoka kabla mwezi haujaisha. Chuo kilionywa kitunze orodha zake vizuri zaidi. Mlalamikaji, kwa kukiri mwenyewe kughushi mahudhurio, alisitishiwa leseni mwaka mzima. Wenzake hawakuwa wamekiri chochote. Vyeti vyao vilibaki halali.

Jioni hiyo wifi alimletea viatu vyake vya kazini kwenye mfuko. Hakuingia ndani. Zamu ya mkunga alikuwa amepewa yeye, kuanzia kesho. Alisimama mlangoni akiuviringisha mkono wa mfuko kidoleni.

"Wifi," alisema taratibu, "mtoto akitoka kimya, mtu anaanzia wapi?"

"Ningejua, ningeandika barua?"

Wifi alicheka kidogo, kwa mazoea. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.