Vumbi la Gumegume

Mtaa mzima ulimwita fundi huyu wa mawe Mtu wa Kale, na yeye wala hakuchukia. Mtu anayeshinda kutwa amejifungia chumbani, akigonga jiwe kwa jiwe ili atoe shoka la enzi ambazo hata chuma hakijajulikana, atadai jina gani lingine? Mkewe alikuwa na lake, Mzee wa Mapango, na alilitamka kwa namna ambayo hata akiwa amenuna ilibidi acheke.

Jiwe lake lilikuwa gumegume, lile jeusi linalong'aa, ambalo ukilipiga kwa pembe inayofaa linabanduka kipande chembamba chenye makali kushinda wembe. Makumbusho yalimwagiza mashoka, visu, vikwangulio vya ngozi na vichwa vya mishale, watoto wa shule wapate kushika kitu bila kuharibu vile vya kweli. Alijua pia kuwasha moto kwa vijiti na kusokota kamba ya nyuzi za magome, lakini jiwe ndilo lililoweka chungu jikoni.

Zamani alikuwa akigongea uani. Siku moja mtoto wa jirani akakanyaga kipande, akashonwa nyuzi saba, na majirani wakaja juu. Fundi akahamia ndani, kwenye kichumba cha nyuma ya kile alichoweka mkewe cherehani, akafunga dirisha ili vipande visirukie njiani. Majirani wakapoa. Alijiona amefanya jambo la busara.

Sasa, kulikuwa na kazi ambayo watu wengi hawaijui. Makumbusho hayakutaka shoka peke yake. Mtafiti wao, mama mmoja makini aliyevaa miwani ya kuning'iniza kwa kamba shingoni, alitaka na takataka zake zote, mpaka chenga ndogo kama punje ya mchele, ili azilinganishe na zile anazofukua ardhini. Kila shoka liliondoka na mabaki yake, yamechekechwa na kupangwa kwa ukubwa. Kazi hiyo aliichukua mkewe.

"Wewe una pupa," alimwambia. "Utazichanganya, kisha mama wa watu akose usingizi. Niachie mimi."

Kila alasiri fundi alipomaliza alivua kile kifuniko chake cha uso, akatoka nje kunyoosha miguu. Mkewe akaingia, akafagia sakafu kwa brashi ya nguo, akachekecha mara tatu: chekeche la matundu makubwa, la kati, na mwisho lile la unga. Vipande akavitia kwenye vifuko na kuviandika namba kwa mwandiko wake wa duara. Mtafiti aliusifia mwandiko ule, na kwa wiki nzima hapakukalika humo ndani kwa maringo. Akitoka chumbani amepauka nywele, nyusi na kope, husema, "Mzee wa Mapango, nimekuacha, nimezeeka kabla yako!" Wakacheka. Walicheka hivyo kwa miaka sita.

Kikohozi cha mkewe kilianza kama vikohozi vyote, kikatibiwa kwa asali na kupuuzwa. Kisha akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi tatu za mlangoni. Kisha nguo zikaanza kumpwaya, akawa anazipunguza mwenyewe kwa cherehani huku akitania kwamba amepata mteja mpya mwembamba.

Hospitalini daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga na kuitazama kwa muda.

"Mama, umewahi kufanya kazi machimboni? Kiwanda cha saruji? Kokoto?"

"Mimi? Mimi fundi wa nguo, mwanangu. Kokoto nazionea barabarani tu."

Fundi alikuwa ameketi pembeni, kofia gotini. Alijua. Hakuhitaji kusomewa ile picha, maana mtafiti alishamweleza, siku ya kwanza kabisa, kwamba vumbi la gumegume ni jiwe lilelile limesagika, likiingia mapafuni halitoki, na kwamba waliolipasua kwa ajira zamani walizikwa vijana. Akaigeuza kofia. Alijiambia kwamba daktari amesoma, ataona mwenyewe. Alijiambia pia kwamba kukohoa kuna sababu mia. Huo ulikuwa woga mtupu, na aliujua kuwa ni woga hata alipokuwa akiupamba.

"Makohozi hayaonyeshi kitu," daktari akasema, "lakini kwa picha hii nitakuanzishia dawa za kifua kikuu. Miezi sita. Usiruke hata siku moja."

Mkewe alifurahi, ndiyo, alifurahi, kwa sababu ugonjwa wenye jina na dawa una mwisho. Alitundika kalenda juu ya cherehani akawa anafuta siku kwa chaki ya kukatia nguo. Kila asubuhi alimeza vidonge, akafuta siku, akasema, "Bado kidogo." Mumewe alimpelekea maji ya kumezea. Alikwepa kuitazama kalenda, na mkewe akamwonea huruma, akidhani ni uchovu wa kuuguza.

Mwezi wa nne wa dawa mkewe hakuweza tena kukanyaga cherehani. Mdogo wake akaja kukaa nao, mwanamke wa kazi na maneno, ambaye siku ya pili tu alikuwa ameshapanga upya vyombo vyote jikoni na kumwambia shemeji yake kwamba chumba chake kinanuka pango.

Wakati huo makumbusho yalikuwa yanangoja mashoka manane, na fundi, Mungu amsamehe, alikuwa hajaacha kugonga. Chekeche alilishika mwenyewe sasa, akachelewa, vifuko vikachanganyika. Alasiri moja alirudi kutoka dukani akasikia sauti ya mkewe kitandani, imekatika vipande vipande kwa kukosa pumzi: "Taratibu... Usilitikise kwa nguvu... Lile la unga mwisho..."

Aliusukuma mlango wa kichumba. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti sakafuni, chekeche mikononi, nyusi nyeupe.

Alimpokonya kwa nguvu hata chenga zikamwagika chumba kizima.

"Shemeji! Nimekosea nini?"

"Toka! Toka humu ndani. Nenda uani, ukaoge, na nguo hizo zifue."

"Dada, mumeo ana wazimu!"

Mkewe alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni, ameshika fremu. Alimtazama mumewe, akatazama vumbi lililokuwa likielea hewani kati yao.

Siku ya kliniki ilikuwa keshokutwa yake, na safari hii fundi hakungoja kuulizwa. Alisimama katikati ya chumba cha daktari akayatapika yote: kichumba, dirisha lililofungwa, gumegume, machekeche matatu, miaka sita. Alisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akivuta pumzi atashindwa kuendelea.

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba, haya mbona hukuyasema tangu mwanzo?"

Fundi aliinamia kofia yake.

"Huu si ugonjwa wa kifua kikuu, basi. Wazo la vumbi la mawe nililiacha, mama, kwa sababu uliniambia unashona." Akaitazama tena picha. "Hizi dawa tutaziacha."

"Nimebakiza siku hamsini na nne," mkewe akasema.

"Hazikusaidii, mama."

"Basi nipe zinazosaidia."

Daktari aliirudisha picha kwenye bahasha. Akaeleza, kwa maneno laini kadiri alivyoweza, kwamba vumbi lile halina dawa ya kulitoa. Angepewa za kupunguza kukohoa, angepewa hewa ya mtungi hali ikizidi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akamgeukia mumewe.

"Jana nilikuwa na dawa," alisema.

Hakukaripia. Fundi alitamani angekaripia.

Daktari alimwandikia na yeye picha ya kifua, kwani kama aliyechekecha ameumia hivi, mgongaji je? Walingoja kwenye benchi la korido, mkewe katikati, mdogo wake upande wa pili. Mkewe bado alikuwa na wasiwasi kwa ajili ya mumewe. Alimshika mkono walipoitwa kuonyeshwa picha. Ndivyo alivyokuwa huyo mwanamke.

Daktari aliitazama, akaigeuza, akahakikisha jina. "Mapafu yako hayana kitu, baba. Safi kabisa. Miaka sita chumbani na jiwe hilo? Una bahati."

"Alhamdulillahi," mkewe akasema, na machozi yakamtoka ya furaha. "Afadhali wewe."

Walitoka. Mdogo mtu akatangulia kwenda kutafuta gari. Wao wawili waliketi kwenye ukuta mfupi karibu na lango, mkewe akivuta pumzi fupi fupi, akiwaza. Fundi alimwona akiwaza, akaanza kutafuta gari kwa macho.

"Kile kitu ulichokuwa ukivaa usoni," mkewe akasema. "Ukigonga. Uliniambia ni cha kuzuia vipande visikuchane."

"Ndiyo."

"Kilikuwa cha vipande?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mtafiti. Lakini alikuwa amechoka hata kusema uongo.

"Cha vumbi. Mtafiti alinipa."

"Alikupa kimoja."

"Viwili."

Mkewe aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea vipimo vya nguo ya mteja. "Cha pili kilikuwa cha nani?"

"Alisema... cha atakayenisaidia."

"Kiko wapi?"

"Kabatini. Sijakifungua."

Gari lilipita, likapita la pili. "Ungenipa, ningeuliza cha nini," mkewe akasema.

"Ungeuliza."

"Na ningejua, nisingeshika chekeche."

"Usingeshika."

Alinyanyuka. Fundi aliinuka haraka akanyoosha mkono amshike, kama alivyomshika asubuhi ile wakija, na mkewe akauzunguka ule mkono bila kuugusa, kama mtu anavyozunguka kitu kilichoachwa njiani. Kutoka pale ukutani mpaka langoni hazikuzidi hatua ishirini. Alisimama mara nne kuvuta pumzi. Mumewe alimfuata nyuma na zile bahasha mbili za picha kwapani, na kila mkewe aliposimama, naye alisimama.