Maiti Anayejikuna Pua

Daftari hakuwa mtu wa kusahau, na jina lake lilitokana na hilo. Zamani, kabla simu hazijameza kila kitu, alikuwa karani wa duka la kukodisha kanda za video, na mteja akiingia yeye hakuwa na haja ya kufungua rejista. Alikwambia hapohapo kanda unayoitaka iko kwa nani, imechelewa siku ngapi, na kwamba wewe mwenyewe uliwahi kuichukua ukairudisha imejaa mchanga. Wateja walimwogopa kidogo. Wenzake wanne walimpenda: Bosi mwenye duka, Rewaindi ambaye kazi yake ilikuwa kurudisha kanda mwanzo, na pacha wawili wachoraji wa mabango, mmoja akichora nyuso na mwenzake mikono, maana hakuna aliyeviweza vyote viwili.

Duka lilikufa kama yalivyokufa yote ya aina yake. Kilichobaki ni kundi lao la watu watano kwenye simu, waliloliita Vioja, na mila moja waliyohama nayo. Dukani, ukimpendekezea mteja filamu aliyokwisha kuiona, ulikuwa umempakulia kiporo, na adhabu yake ni kuwanunulia wenzako chai. Kwenye kundi, kila mtu alileta kioja kipya alichokiokota mtandaoni. Aliyeleta kilichokwisha kuletwa aliandikiwa "Kiporo" kwa herufi kubwa, kisha akampigia kila mmoja simu na kusutwa dakika nzima bila kujitetea. Dakika hiyo haikuwahi kuwa dakika. Ilikuwa nusu saa, na iliishia kwenye magonjwa, wajukuu na umbea.

Sasa Daftari alikuwa na miaka sitini na mbili, mjane, akipunguza suruali na kubadilisha zipu katika chumba cha nyuma cha duka la nguo. Humo mlikuwa na cherehani, pasi, na kiti cha pili kilichojaa mafurushi kwa kukosa wa kukikalia. Suruali ziliingia kupitia dirisha dogo zikiwa zimebanwa kikaratasi cha siku na saa, zikatoka kwa dirisha hilohilo. Kuna siku alifunga kazi jioni akagundua kuwa tangu asubuhi ametamka maneno mawili tu: weka hapo. Binti yake alikuwa ameolewa mbali, na alikuwa mtoto mwema. Kila Jumapili aliandika kuuliza kama mama hajambo, mama akajibu hajambo, basi.

Kwa hiyo watu wake walikuwa wale wa Vioja. Kila saa nne asubuhi, kikombe cha chai pembeni, alirusha alichokipata. Kulikuwa na kasuku anayeiga birika linalochemka mpaka familia nzima inakimbilia jikoni. Kulikuwa na shujaa wa filamu ya enzi za panga na ngao, amevaa saa ya mkononi. Zamani saa ile ingewagombanisha siku nzima: pacha wangeapa kuwa ni bangili, Bosi angedai filamu hiyo aliwahi kuileta dukani na hakuna aliyeikodi. Sasa kilikuja kidole gumba. Siku ikiwa njema sana, viwili na uso unaocheka. Mwaka mzima ulikuwa unakatika bila mtu mwingine kuleta chochote, na asiyeleta kitu hawezi kuleta kiporo, kwa hiyo simu nazo zilikoma.

Utauliza, si angepiga tu? Alijaribu. Alimpigia Bosi, na kabla salamu hazijaisha Bosi akauliza nani amefariki. Katika umri wao simu isiyo na sababu ni ya msiba au ya kuomba hela, na Daftari hakuwa na hili wala lile. Alisema amebonyeza kwa bahati mbaya, akakata, na aibu ikamkaa siku mbili.

Ndipo akapata wazo, la kitoto kabisa. Atapakua kiporo makusudi, apate kusutwa. Akachagua kikubwa kuliko vyote: kile kipande cha filamu ya vita ambamo wanajeshi wamelala chali wameuawa, na mmoja wao, marehemu kamili, anainua mkono na kujikuna pua. Daftari mwenyewe ndiye aliyekivumbua miaka miwili nyuma, na kilikuwa kimewavunja mbavu wiki nzima. Hakuna hata mmoja angeweza kukisahau. Jumatatu saa nne akakirusha na kuandika, "Jamani, oneni nilichokipata leo." Akaiweka simu juu ya cherehani, akangoja matusi yake.

Vikaja vidole gumba. Pacha wakacheka, kila mmoja nyuso tatu. Rewaindi alisoma asijibu. Bosi akaandika kwamba hii ni kali, akauliza ameitoa wapi.

Hilo la Bosi lilimkata maini. Jumanne akakirusha tena, na Jumatano tena, kwa maneno yaleyale, sasa kwa hasira. Wakacheka tena, kwa upole uleule. Kumbe hawanisomi, akajiambia, wananiitikia tu kama mtu anavyomwitikia mtoto huku anapika. Siku hiyo alishona zipu ya mteja kichwa chini miguu juu, akaifumua, akalia kidogo, akaishona upya.

Alhamisi, chai ikiwa bado haijapoa, simu iliita. Alikuwa Rewaindi, ambaye siku hizi alifundisha watu kuendesha gari. Alimwamkia shikamoo, kwani tangu enzi za duka alimwita dada, naye Daftari, kabla hajajizuia, akauliza nani amefariki.

Rewaindi alisema hakuna. Aliuliza kama amekula. Aliuliza kama pasi imezimwa, na kama kuna jirani mwenye ufunguo wa kwake. Alisema polepole, kwa ile sauti ambayo bila shaka aliitumia kwa wanafunzi wanaoshika usukani mara ya kwanza. Daftari akachoka na mzunguko, akamwambia aseme kilichomleta.

"Kile kipande cha maiti, dada. Umekileta mara tatu wiki hii."

Moyo ulimruka kwa furaha. "Kumbe mmeona."

"Tuliona tangu Jumatatu, wote. Tukakubaliana tusikusute, tusije tukakuaibisha. Ungekuwa mtu mwingine, tungecheka. Lakini wewe, Daftari? Mama yangu alianza hivyohivyo. Hadithi moja, kila asubuhi, na kila asubuhi ni mpya."

Kisha yakamwagika yote. Walikuwa wamefungua kundi jingine, wanne bila yeye. Walikuwa wamepigiana simu siku tatu mfululizo, mchana kutwa, na Bosi alikuwa amelia. Pacha mmoja alikuwa ameshaulizia daktari. Daftari alisikiliza, na hasira ikampanda: simu zote alizozililia mwaka mzima zimepigwa, kwa ajili yake, na yeye hayumo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na joto ambalo hakulijua tena. Watu wanne walikuwa wameacha kazi zao kumzungumzia yeye.

Ilikuwa rahisi kusema kweli. Angesema nilikuwa nawajaribu, wajinga nyie, na Rewaindi angeshusha pumzi na kucheka, angemsuta dakika yake, angewaambia wenzake. Wangefunga lile kundi. Kesho saa nne kingekuja kidole gumba.

"Dada, nisamehe kwa swali hili," Rewaindi akasema. "Leo ni siku gani?"

Mbele yake, kwenye mguu wa suruali iliyokuwa chini ya sindano, kikaratasi kilikuwa kimeandikwa kwa wino mwekundu: Alhamisi, saa sita.

"Jumanne," akasema Daftari.

Upande wa pili wa simu akasikia mtu mzima anayejitahidi asisikike analia, na akajua analilia nini, kwa sababu alikuwa amesimama naye kwenye mazishi ya mama yake. Alijichukia. Alifungua mdomo ili aseme.

"Hakuna shida, dada," Rewaindi akamtangulia. "Nitakupigia kesho saa hii. Na keshokutwa. Tumeshapangiana zamu, hutapitisha siku bila mmoja wetu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi msichelewe," akasema Daftari.