Nzi wa Polini

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na moja katika shule ya msingi hapa Igogo, na sikuwa mtu wa kuacha kosa lipite. Muuza samaki wa Kirumba akisema "samaki hii", namrudisha kwenye "samaki huyu" kabla hajanifungia. Padri akikosea upatanisho katika mahubiri, namsubiri nje ya kanisa. Watoto wananiita Mwalimu Rula, na jina hilo nililipenda kwa miaka mingi. Sasa silipendi tena, na kisa chake ni farasi.

Cheka kwanza, halafu tuendelee. Najua Mwanza ni mji wa ng'ombe na samaki, wala sikujiombea farasi. Baba yangu, Gosbert Rutashobya, alitoka Kamachumu akiwa kijana akaja kumtunzia farasi mzungu mmoja wa kinu cha pamba, aliyependa kupanda jioni kandokando ya ziwa. Mwaka 1966 mzungu akafungasha akaenda kwao, akamwachia baba farasi jike wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Siku ya kuagana alimshika baba mkono akasema "asante", neno moja tu, baada ya miaka kumi na tisa. Baba hakulalamika. Alimpa farasi jina hilo, akawa anaitwa Asante.

Mjini hapakuwa na mahali pa kumweka, kwa hiyo baba alimpeleka kwa rafiki yake, Mzee Maige, mfugaji aliyekaa upande wa Kigongo, maili chache kabla ya kivuko. Wasukuma wana desturi ya kubilisa: unampa mwenzako mnyama amtunze, maziwa na mbolea ni vyake, mnyama anabaki wako. Asante hakuwa na maziwa ya kumpa mtu. Maige alimpokea hivyo hivyo, akawa anambebesha maji na magunia ya pamba, na kila tulipokwenda tulimkuta amenawiri, manyoya yanang'aa.

Baba alifariki mwaka 1971. Siku mbili kabla, aliniambia, "Josepha, Asante akae mahali pazuri." Hakusema zaidi ya hapo. Mahali pazuri ni wapi, niliamua mimi.

Kwa Maige hapakunifurahisha tangu mwanzo. Hapakuwa na mti hata mmoja. Unatoka nyumbani kwake unatazama mpaka mbali, ni viazi, pamba, mawe, jua. Mimi nimezaliwa kwenye migomba, na mahali pasipo na kivuli nilipaona kama mahali palipotupwa. Siku moja nilimuuliza miti ilikwenda wapi. Akanyoosha mkono akazungusha pande zote, akasema baba yake na wenzake waliikata yote wakati wa Mwingereza, vichaka vyote, mpaka ziwani. Alisema kwa majivuno. Nami niliitikia kwa kichwa kwa heshima, nikimhurumia mtu anayejivunia kuharibu nchi.

Halafu ikaja Operesheni ya mwaka 1974. Watu wote wa upande ule waliambiwa wahamie kijiji kipya barabarani, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Nilikwenda kumwona Maige likizo ya Agosti, nikamkuta anaezeka, nyumba ina kuta tatu. Asante alikuwa amefungwa kwenye kigingi kati ya mbuzi wa watu kumi, juani, na mgongoni ana alama za kamba. Nguzo, mitungi, vitanda, mlango wa zamani, vyote alikuwa amevibeba yeye. Mgongo wa farasi wa baba yangu ulikuwa umechunika. Nilishikwa na hasira mpaka sikuweza kunywa uji nilioandaliwa na mke wake.

Nikamsimulia Bernadeta, mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu. Yeye kwao ni ng'ambo, Busisi. Akaniambia yuko mtu anaitwa Nkwabi, amefungua mabanda ya farasi katika shamba moja lililoachwa, maili sita kutoka kivukoni. Ametoka Arusha, alikofanya kazi ya farasi kwa masetla. Jumamosi ya wiki ile ile tukavuka kwenda kuona.

Nikiri kwamba nilipapenda kabla sijashuka kwenye gari. Miti mikubwa, kivuli, majani mpaka magotini, kijito kinapita kichakani nyuma ya mabanda. Sakafu ilikuwa ya saruji. Kulikuwa na hori la majani na birika la maji lililosuguliwa. Farasi wawili walikuwa wameletwa kutoka Arusha mwezi Juni, na ndani ya kila banda palining'inia ubao wenye jina la farasi, limeandikwa kwa chaki, herufi zimenyooka.

Nkwabi mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi. Alinieleza habari za kwato na meno, na jinsi ya kuponya mgongo uliochunika. Tulizungumza saa mbili nzima, na katika saa mbili zile hakukosea ngeli hata moja. Nilirudi nikimsifia njia nzima. Bernadeta akanitania kwamba nimekwenda kutafuta banda nimerudi na mchumba. Ninalotaka kusema ni kwamba nilimwamini mtu yule kwa sababu ya Kiswahili chake, na wakati ule niliona ni sababu nzuri kabisa.

Hata hivyo sikuamua siku ile. Niliwaza kwa wiki mbili. Kumwondoa mnyama aliyebiliswa si jambo dogo. Ni kama kumwambia mtunzaji mbele ya majirani kwamba ameshindwa. Maige alimzika baba pamoja nasi, alishika koleo. Asubuhi nasema namwacha alipo, farasi amezoea, mzee amezoea. Mchana naukumbuka mgongo ule na kile kigingi, na maneno ya baba, nabadilika. Mwishoni mwa mwezi nikajisemea kwamba huruma kwa mzee isinifanye nimtese mnyama. Nikapanda basi kwenda kumwambia.

Nilimkuta amekaa na wanawe wawili wa kike, wanachambua pamba mbele ya nyumba. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikapewa kigoda. Nikaeleza yote kwa upole: mabanda, saruji, miti, maji. Sikutaja mgongo. Alisikiliza huku vidole vinachambua, halafu vikasimama.

"Ng'ambo, Mwalimu? Kwenye msitu ule?"

"Ndiyo, mzee. Pana kivuli kizuri."

Akatikisa kichwa. Maige hakukijua Kiswahili vizuri. Alikiokota ukubwani, kwenye minada, na kila sentensi aliijenga taratibu. Nilimwona anatafuta maneno. "Usimpeleke," akasema. "Kule kuna nzi wa polini. Nzi wale..."

"Porini," nikasema. "Po-ri-ni, mzee Maige."

Nilisema huku natabasamu. Neno lilinitoka lenyewe, kama linavyonitoka mara arobaini kwa siku darasani. Binti zake wakacheka kidogo wakificha nyuso kwenye khanga. Maige naye akatabasamu, akajaribu, "polini," halafu akaona ametoa lile lile. Akainamia pamba yake. Sentensi aliyoianza hakuimaliza, wala mimi sikumuuliza nzi wale wana nini. Nilidhani ni visingizio vya mzee asiyetaka kuachia. Nzi, pale alipokaa na ng'ombe na mbuzi wa nyumba kumi? Nilikuwa nimewafukuza usoni kwangu tangu niliposhuka kwenye basi.

Alinyanyuka akaenda kumfungua Asante mwenyewe. Alimfuta macho kwa kiganja, akanikabidhi kamba kwa mikono miwili. Aliniomba nisimpandishe kivukoni kwa nguvu, nimtangulize mtu anayemjua. Na kwa kuwa hakuwepo mwingine, akaja mwenyewe mpaka majini.

Kabla ya kuvuka ilibidi tupate kibali cha mnyama. Karani wa kivukoni alitafuta kwenye karatasi yake iliyopigwa chapa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe. Farasi hayumo. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, tuandike punda? Ni jamaa moja. Tena ng'ombe wanaovuka, na mnyama yeyote asiyemo humu, lazima wangoje bwana mifugo aje Jumatatu awachome sindano, punda hawahitaji."

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu shule zinafunguliwa. Mwalimu Rula, asiyeacha "samaki hii" ipite, akasema, "Andika punda." Akaandika: punda mmoja. Nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri.

Maige alimwongoza Asante kupanda kivuko, akashuka, akabaki ufukweni. Asante aliinua kichwa akilia mpaka tukafika katikati ya maji. Nilimpapasa shingo nikimwambia anakwenda mahali pazuri. Nililia kidogo, na machozi yale nayaonea aibu kuliko mengine yote, kwa sababu yalikuwa ya furaha.

Septemba nilikwenda mara moja, nikamkuta mgongo umepona. Katikati ya Novemba ikaja barua ya Nkwabi. Ilikuwa kurasa mbili, alama zote za uandishi ziko mahali pake. Alisema Asante alianza homa, akaacha kula, miguu ikavimba, akakonda mpaka mbavu zikahesabika, na alfajiri ya siku ya Jumanne alianguka bandani asiamke tena. Mmoja wa farasi wa Arusha alimtangulia kwa siku nne, na wa pili alikuwa haponi. Bwana mifugo aliyeitwa kutoka Sengerema alitazama damu, akasema ni ugonjwa wa ndorobo, nao wamejaa kwenye vichaka vya kijitoni. Aliuliza kwa nini farasi hakuchomwa sindano alipovuka. Nkwabi alimwonyesha kibali, naye akasoma "punda mmoja", akamrudishia. Nkwabi aliniomba radhi. Kule Arusha alikojifunzia kazi hakuwahi kumwona mdudu yule. Niliisoma barua mara tatu nikitafuta kosa. Halikuwepo.

Ndorobo. Nawafundisha watoto darasa la nne, ukurasa una picha: nzi mkubwa wa porini, anauma, huleta malale kwa watu na huua mifugo. Wanaimba maneno hayo kwa sauti. Nzi wa porini. Mtu mzima aliyezaliwa na ng'ombe aliniambia maneno yale yale ya kitabu changu, nami nikamsahihisha herufi moja. Na ndipo nilipoelewa ile nchi isiyo na mti. Baba yake Maige hakuwa ameharibu kitu. Walikata vichaka ili wanyama wao waishi, na Asante aliishi juani pale miaka minane hana hata kikohozi. Baba yangu alijua alichofanya alipompeleka kule. Aliposema akae mahali pazuri, huenda alikuwa ananiambia nimwache.

Nilikaa siku kumi bila kwenda kwa Maige. Nilijitafutia kila udhuru, mitihani, mvua, basi bovu. Mwishowe nikaona nikichelewa zaidi atasikia kwa watu wa kivukoni, na hilo litakuwa baya kuliko yote.

Nyumba ilikuwa imekamilika kuta nne. Nyuma yake kile kigingi bado kipo, na juu yake amejenga paa la nyasi, jipya, la kumtosha mnyama mmoja mrefu. Mke wake aliniambia mzee alilijenga Oktoba, kwa sababu Mwalimu alisema farasi anataka kivuli. Alifikiri nikiona pamekuwa pazuri nitamrudisha.

Nilimwambia Maige nimesimama, sikuweza kukaa. Nilisema Asante amekufa, ni nzi wale aliowasema, na kosa ni langu. Nilimwambia na habari ya kibali, punda mmoja, yote. Aliuliza kama alizikwa au alitupwa. Nikasema alizikwa. Akauliza kama alikuwepo mtu wa kumshika kichwa. Nikasema sijui.

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, kwa Kisukuma, kwa lugha yoyote.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Kosa langu mimi. Kiswahili changu kibovu. Ningesema vizuri, ungesikia."

Nikamwambia alisema vizuri. Nikamwambia alisema vizuri kabisa, hapakuwa na lolote la kusahihisha. Lakini mzee akatikisa kichwa, akalainisha midomo, na kwa shida, taratibu, akinitazama usoni kama mtoto aliyeitwa ubaoni, akasema:

"Po-ri-ni."