Pua Ukutani, Bila Majina

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na naanza kwa kukiri ili mtu mwingine asiniwahi. Nilikuwa msimamizi wa kundi letu la simu la mafundi cherehani, watu themanini na wanne, na sheria niliandika mwenyewe: atakayemtukana mwenzake anatolewa mwezi mzima. Sheria imenyooka kama mshono wa suruali. Niliipenda mpaka nikaibandika ukutani, juu ya meza ya pasi.

Wiki hiyo nilimtoa Mama Pindo, fundi ambaye mapindo yake huyaoni hata ukivaa miwani miwili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alituma picha ya gauni alilolishona, naye Mama Pindo akaandika: "Mkono huo umekaa kama bomba la maji, ufumue." Nikamtoa kabla chai yangu haijapoa.

Ijumaa asubuhi akaingia kibandani mkasi mkononi. Nikampa kiti haraka. Mwenye mkasi hasubirishwi.

"Fundi, saa sita mwalimu mkuu anatuma kazi ya sare kwenye kundi. Anayewahi kujibu ndiye anayepata. Cherehani yangu ina wiki tatu haijagusa kitambaa kipya. Nirudishe."

"Sheria ni sheria, mama. Ulitukana."

"Nilitukana mkono wa gauni."

"Gauni la shemeji yangu."

Shemeji mwenyewe, aliyekuwa kwenye pasi, akacheka mpaka mvuke ukampalia.

Mke wangu, msimamizi mwenzangu wa kundi, akasimamisha cherehani yake. "Baba, kaka yangu juzi kawaita wenzake mafundi wa magunia, ukamwekea kicheko."

"Alikuwa anatania."

"Na Mama Pindo je?"

"Uso wake hautanii."

Mama Pindo akauweka mkasi mezani taratibu. "Basi tupime. Mkeo asome jumbe za zamani bila kutaja majina. Wewe geukia ukuta, useme nani atoke na nani abaki. Nikitoka mimi, naenda zangu kimya."

Nikakubali kwa madaha yote. Nikasimama pua ikigusa sheria yangu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, najiona jaji mkuu. Mke wangu akaanza, sauti kavu kama anasoma maelekezo ya dawa.

"'Suruali hiyo imeshonwa au imeangukiwa na uzi?'"

"Toka."

"'Wewe rudi kwa bibi yako ukafundishwe kushika sindano.'"

"Toka, na asiage."

"'Kola imepinda. Legeza uzi wa juu, kisha utuonyeshe tena.'"

"Abaki. Huyo ni mwalimu kabisa."

"'Nguo yako hata sanamu ya dukani ingekataa kuvaa.'"

"Toka. Mtu wa namna hiyo alilelewa wapi?"

Nyuma yangu mtu akapaliwa tena, na safari hii haikuwa mvuke. Mimi nikazidi kunoga. Haki ilikuwa imenipanda kichwani, nikawa natupa watu nje kama nyuzi za sakafuni. Jumbe tisa, watano nje, na ningeongezewa ningetoa kijiji kizima.

"Geuka," mke wangu akasema.

Alikuwa ameandika majibu yangu kwa chaki nyuma ya karatasi ya kukatia. Niliowatoa: shemeji, shemeji, shemeji, shemeji. Yule mwalimu wa kola: Mama Pindo. Na yule wa sanamu, asiyejulikana alilelewa wapi, nilikuwa mimi, miezi mitatu nyuma. Shemeji alikuwa amejikunja chini ya meza, machozi yanamtoka, hajang'amua bado kwamba na yeye yumo.

Saa sita kasoro dakika nne. Mke wangu akamrudisha Mama Pindo kundini, akamtoa kaka yake, kisha kidole chake kikasimama juu ya jina langu.

"Mwezi mmoja," akasema. "Ndivyo ukuta unavyosema."

"Subiri, mke wangu," nikasema. "Mtihani huu una kasoro. Ningejua ule wa sanamu ni wangu, nisingesema toka."

Mama Pindo alikuwa tayari ameinamia simu yake, akimsubiri mwalimu mkuu. Hakuinua hata kichwa.

"Ndiyo maana hukuambiwa."