Mita Kumi za Mto

Mukabera alisimama mtoni, maji yamemfika magotini, ameshika ncha ya utepe wa kupimia. Ncha ya pili aliivuta Jules, agronome, bwana shamba wa mradi wa kulinda mto, akipanda nayo shambani, akikanyaga maharage yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

"Kaza, Maman! Isilegee."

Akakaza. Penye mita kumi, mwisho wa ukanda wa mto usioruhusiwa kulimwa, Jules alichomeka kijiti. Kilisimama kati ya mafiga ya jiko la nje la Mukabera.

"Agronome, mwaka jana mulipima kule," alisema, akionyesha katikati ya mto, palipokuwa pakizunguka maji mekundu. "Mukapanda mianzi. Mukaniambia, Maman, hapa ndiyo mwisho."

"Mwaka jana mto ilikuwa kule."

"Mvua ya Aprili ikabeba mianzi yenu na nusu ya shamba yangu. Sasa na nyinyi munabeba ingine?"

"Banapimia kwa maji, Maman. Hapana kwa shamba yako."

Juu kidogo mtoni, mashine ilikuwa inanguruma. Tangu ianze kuchimba mchanga, mto uliacha njia yake ukamwegemea Mukabera. Mvua nazo hazikuwa zile alizozikuta aliporudi kijijini kutoka mjini Bukavu. Zilikawia mpaka ardhi ikapasuka, kisha zikamwagika zote kwa wiki moja.

"Na bale ba mashine?"

"Bale beko na ruhusa."

"Mie niko na jembe tu."

"Ndiyo hiyo jembe, Maman. Munalima mpaka ndani ya mto, kisha munashangaa hali ya hewa inabadilika."

Aliomba wiki tatu tu, maharage yakomae. Jules hakuinua macho kutoka kwenye simu. Wageni wa mradi wangefika Ijumaa, na mianzi ilitakiwa iwe imesimama.

Nasiri, kibarua wa mradi kutoka mji wa Kamembe, akaanza kung'oa maharage. Mukabera alimfuata nyuma akiokota miche, akaipanda tena upande wa pili wa kijiti. Huko kulikuwa na kokoto. Kabla ya adhuhuri majani yalikuwa yamelala.

"Maman, unisamehe," Nasiri alisema bila kumtazama. "Nikikataa, bataita mwingine."

"Najua."

Ijumaa, mianzi ikiwa imeshapandwa mpaka penye mafiga, wageni walikuja na magari manne. Mzungu mmoja, mama wa makamo, alimshika Mukabera mkono, akamuuliza kwa Kifaransa mradi umemsaidia nini. Jules alitafsiri.

"Nitapika wapi?" Mukabera alisema.

Jules akawageukia wageni. Alitafsiri kwa muda mrefu, akinyoosha mkono kuelekea mlimani, kisha mtoni. Wageni wakatabasamu, wakapiga makofi. Mukabera alivikwa kofia yenye jina la mradi, akapigwa picha.

Mara mvua ikaanza, matone mazito. Wageni wakakimbilia magarini. Jules alirudi mbio, koti kichwani, akamsukumia dumu la lita ishirini.

"Maman, hii mianzi umwagilie kila asubuhi. Ikikauka, wewe ndiye utajibu."

Magari yakaondoka. Mukabera alibaki na dumu mkononi, mvua ikimnyeshea, na nyuma yake kipande cha ukingo kikaporomoka mtoni pamoja na mianzi mitatu.