Mlio wa Ringi

Mughwai aliitundika ringi ya gari kwenye kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Ringi nzima hulia kama kengele. Hii ilikohoa, kama chuma chenye ufa.

Akaigonga upande usiopinda. Ikakohoa vilevile.

Simeoni, dereva wa pikapu ya kijiji, alikuwa amechuchumaa kivulini akitafuna karanga. Gari lilikuwa limetumbukia korongoni, gurudumu la mbele likapinda, na mbegu za mtama zilikuwa zikimsubiri Kilimatinde. Mvua ilikwisha kunyesha mara mbili, shamba la ujamaa bado tupu.

"Fundi, inanyooka au hainyooki?"

Kabla hajajibu, Mahendra alivuka barabara kutoka dukani kwake. Alikuwa na gari la aina ileile. Akasema kwa upole kwamba ringi yake ya akiba imekaa bure. Waichukue, watamrudishia mpya itakapopatikana.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Juma moja tu nyuma, Mughwai alisimama mkutanoni akasema kijiji chenye fundi hakina haja ya kupiga hodi dukani. Walimpigia makofi, mwenyekiti akamwita mfano wa kuigwa. Mahendra alikuwepo, amekaa nyuma kabisa.

"Ahsante, Bwana Mahendra," alisema bila kumtazama. "Kaa na ringi yako. Hii nitainyoosha."

"Nimeisikia inavyolia, fundi."

"Hayo masikio ya dukani, yanasikia mpaka ng'ambo ya barabara."

Simeoni akacheka. Mahendra akageuka, akarudi dukani kwake.

Mughwai alivukuta moto, akagonga mpaka adhuhuri. Ringi ikanyooka. Ilizunguka bila kuyumba, na Simeoni akasema mikono ile ilifaa kupelekwa maonyesho ya Sabasaba. Mughwai alifurahi. Hakuitundika tena kuisikiliza.

Ilipasuka kwenye mteremko wa Kilimatinde, gari likirudi na mzigo wa mbegu. Hospitalini Singida walimkata Simeoni mguu wa kulia, chini ya goti. Alisema ni barabara mbaya, na mpaka leo anasema hivyo. Mahendra alipofunga duka na kuhama, alimpa Mughwai mkono, akaulizia hali ya Simeoni, basi.

Kijiji kilimpa Simeoni kazi ya kugonga kengele ya shule. Na kwa kuwa chuma hakitupwi, kengele yenyewe ilikuwa ringi ileile, imening'inizwa kwenye mwarobaini.

Mwalimu Dina alipita karakana siku moja, akaamkia, akaomba apatiwe ringi nyingine. Hii, alisema, watoto wa mbali hawaisikii.

"Nitatafuta, mwalimu," alisema Mughwai.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu aahidi. Kila asubuhi, Simeoni anapoonekana akija na gongo lake, Mughwai husimamisha mvukuto. Huinua uso, nyundo mkononi, akangoja. Ringi hukohoa mara tatu. Watoto wa karibu huanza kukimbia.